Gemu za risasi: Ushindi wa kijana wa Makambako unaandikwa kwa jina la nani?

MALUMBANO ya wapenzi wa gemu za kupiga risasi duniani yamezunguka kwa miaka mingi katika mambo mawili: kifaa kipi cha kuchezea ni bora zaidi, na nani amekusanya alama nyingi zaidi za mafanikio katika akaunti yake. Katika mabanda ya gemu ya Njombe na Makambako hoja hizo zipo pia, lakini zimebeba sura nyingine kabisa, kwa kuwa kijana anayecheza huko kwa kawaida hamiliki mashine, hamiliki pedi, na mara nyingi hana akaunti yenye jina lake.

Kwa msomaji anayeufahamu mkoa huu kwa chuma cha Liganga, mbao, chai na viazi, suala hili linaweza kuonekana kuwa ni la watoto. La hasha. Linahusu namna vijana wa mikoani wanavyohesabiwa, au wanavyoachwa bila kuhesabiwa, katika biashara ya kidijitali ambayo tayari wanailipia kwa fedha zao.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hukutana hapo na ile inayokwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita mjini humo. Bidhaa za mitumba, runinga na mashine za PlayStation zikiwamo, hazikawii kufika katika mji wa aina hiyo. Kijana anayetoka Liganga au kijiji kingine cha Ludewa hukutana na mashine hizo anapokwenda mjini kusoma au kutafuta kibarua, na huzikuta katika chumba chenye runinga mbili au tatu, mabenchi, na mwenye banda anayekusanya fedha mlangoni.

Ili kuelewa kilichobadilika, ni lazima kurudi kwenye memori kadi. PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa Japani Machi 4, 2000 na ambayo Sony iliuza zaidi ya mashine milioni 155, kwa kawaida haikuwa na mahali pa kuhifadhi mchezo ndani yake. Mchezaji alihitaji kadi ya megabaiti 8, kipande cha plastiki kinachoenea mfukoni. Aliyefika katikati ya Medal of Honor: Frontline ya mwaka 2002, au Black ya mwaka 2006, aliichomoa kadi yake, akaondoka nayo, na kesho yake akaichomeka katika mashine ya banda jingine na kuendelea alipoishia. Hakuna aliyemuuliza anaishi nchi gani.

Mfumo huo ulianza kuondoka Novemba 2005, Microsoft ilipoingiza sokoni Xbox 360. Mashine hiyo ilikuja na alama za mafanikio: mchezaji akimaliza hatua ngumu, akiua adui kwa namna fulani au akipata siri iliyofichwa, hupewa pointi zinazojumlishwa kutoka gemu moja hadi nyingine na kuonekana kwa wenzake wote. Gemu ya diski ilianza na pointi 1,000. Sony ilifuata Julai 2008 kwa kuweka vikombe katika PlayStation 3, kuanzia shaba, fedha na dhahabu hadi kile cha platinamu anachopewa aliyekamilisha kila kitu.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Activision ya Marekani iliwataka wachezaji wapige picha runinga zao zikionesha pointi walizopata, waitume kwa posta, kisha wao wakaletewa beji ya kitambaa. Kijana wa Makambako anayepiga picha ya skrini kwa simu yake ili akawaoneshe wenzake anafanya jambo lilelile, tofauti ni kwamba hakuna wa kumletea beji.

Sababu ni akaunti. Katika banda mashine moja huchezwa na watu wengi kwa siku, wote chini ya jina moja lililofunguliwa na mwenye banda au na fundi aliyemuuzia. Vikombe vinavyopatikana huingia katika jina hilo. Anayetazama orodha ya mashine hiyo ataona mchezaji mmoja hodari asiyelala, kumbe ni wanafunzi, makondakta na wapasua mbao kadhaa waliopokezana pedi. Mashine ikiuzwa, historia yao yote huondoka nayo.

Jibu rahisi ni kwamba kila mmoja afungue akaunti yake. Hapo ndipo penye tatizo, na mwaka 2024 dunia nzima ililiona. Helldivers 2, gemu ya risasi iliyotengenezwa na kampuni ya Arrowhead ya Sweden na kusambazwa na Sony, ilitoka Februari 8 mwaka huo kwa ajili ya PlayStation 5 na kompyuta. Mei 3, Sony ilitangaza kuwa wanaoicheza kwenye kompyuta kupitia duka la mtandaoni la Steam watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation. Mara ikabainika kuwa akaunti hizo hazitolewi rasmi katika sehemu kubwa ya dunia. Gemu hiyo ikaondolewa kuuzwa katika nchi na maeneo yapatayo 177, Tanzania ikiwamo. Baada ya wachezaji kulalamika kwa wingi, Sony ilirudi nyuma Mei 6.

Wakati huo, katika Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, ni Afrika Kusini pekee iliyokuwamo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na mtandao wa PlayStation. Mashine zenyewe zinauzwa Kariakoo mchana kweupe, lakini anayeinunua na kutaka kujisajili hawezi kuchagua Tanzania. Wengi huchagua Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na kwa kufanya hivyo wanaingia kwa taarifa isiyo ya kweli, jambo ambalo ni kinyume cha masharti waliyoyakubali kwa kubonyeza kitufe. Akaunti ikifungwa, pamoja na gemu zilizonunuliwa na vikombe vya miaka kadhaa, mwenye akaunti ana pa kulalamikia padogo sana: kwenye kumbukumbu za kampuni yeye si Mtanzania.

Hali imekuwa ngumu zaidi kwenye mashine mpya. Katika PlayStation 4 mchezaji bado aliweza kunakili mchezo wake kwenye diski ya USB na kutembea nayo, kama kaka yake alivyotembea na memori kadi. Katika PlayStation 5, gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo haziruhusu hivyo. Kinachobaki ni hifadhi ya mtandaoni, ambayo hulipiwa kwa usajili wa PlayStation Plus. Maendeleo ya teknolojia, kwa mchezaji asiye na mashine yake, yamekuwa ni kunyang'anywa kadi mfukoni.

Suala la pili ni pedi. Ubishi wake ni mkongwe kama gemu za risasi zenyewe. Doom, iliyotoka Desemba 1993, ilikuwa ya kompyuta, na waliofuata njia hiyo hadi leo hushikilia kuwa bila kibodi na mausi hakuna kulenga. Hapa nchini wapo waliojifunza kwa Project I.G.I. ya mwaka 2000 katika kompyuta za ofisini na za vyuoni, na hao ukiwapa pedi huishika kama mtu aliyepewa jembe kwa mkono wa kushoto.

Upande wa mashine za runingani, GoldenEye 007 ya mwaka 1997 ilichezwa katika Nintendo 64 kwa pedi yenye kijiti kimoja tu. Alien Resurrection, iliyotoka kwa PlayStation mwaka 2000, ilijaribu kutumia vijiti viwili, cha kushoto kwa kutembea na cha kulia kwa kutazama, na ikasimangwa na wahakiki kwa mpango huo huo. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2001, Halo: Combat Evolved ilitoka na mpango wa namna hiyo na kusifiwa kila mahali. Leo karibu kila gemu ya risasi inafuata njia hiyo.

Tofauti kubwa ilikuwa katika msaada wa kulenga. Mausi ikisogezwa sentimita moja, alama ya kulengea nayo husogea kiasi kinachojulikana na kusimama. Kijiti hakifanyi hivyo. Kinaamua kasi ya kugeuka, na kidole gumba kinapaswa kukirudisha katikati kwa wakati wake. Halo ililifidia hilo kwa kupunguza kasi ya alama inapopita juu ya adui. Tangu gemu kama Call of Duty: Warzone ya mwaka 2020 ziwakutanishe watu wa pedi na wa mausi katika uwanja mmoja, kila upande umekuwa ukimtuhumu mwenzake kuwa anapendelewa.

Katika banda ubishi huo hauna nafasi kubwa, kwa sababu hakuna mausi. Swali la huko ni nani amepata pedi nzima. Ndani ya kijiti cha kawaida kuna kipande chembamba cha kaboni kinachosuguliwa kila kinaposukumwa. Kikishalika, kijiti huanza kutoa taarifa ya kusukumwa hata kidole kikiwa mbali nacho. Mchezaji wa mpira anaweza kuuvumilia ubovu huo, kwani beki akisogea hatua moja pembeni mechi haiharibiki. Kwenye gemu ya risasi bunduki hupanda yenyewe kuelekea angani, na adui hasubiri. Zipo pedi za kisasa zinazotumia sumaku badala ya msuguano, ambazo hudumu zaidi, ila mwenye banda anayenunua pedi za bei ya chini kila mara hana sababu kubwa ya kuzitafuta. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Njombe inapokaza vidole, hata pedi nzima huwa na lawama zake.

Hesabu za mwenye banda ndizo zinazoamua zaidi. Mpira unalipwa kwa mechi: dakika chache, mshindi anabaki, aliyefungwa anaachia pedi au analipa tena, na benchi zima linashangilia. Gemu ya risasi ya mtu mmoja inalipwa kwa muda, na umeme ukikatika kabla ya kufika mahali pa kuhifadhi, fedha za mteja zimekwenda. Zilizoweza kushindana na mpira ni zile zinazoigawa skrini ili watu wapigane ana kwa ana, kama GoldenEye iliyochukua wachezaji wanne kwenye runinga moja. Delta Force: Black Hawk Down, ambayo toleo lake la PlayStation 2 lilitoka mwaka 2005 na kumweka mchezaji katika viatu vya askari wa Marekani mjini Mogadishu mwaka 1993, inakumbukwa na wengi wa rika hilo. Ni moja ya gemu chache za aina yake zilizoonesha mji wa Afrika Mashariki, ingawa kwa macho ya mgeni mwenye bunduki.

Skrini ya kugawanywa imekuwa ikipungua tangu intaneti ilipochukua nafasi yake. Septemba 2022 kampuni ya 343 Industries ilitangaza kuachana na mpango wa kuiweka katika simulizi ya Halo Infinite, ilhali ilikuwa imeahidiwa. Kwa mchezaji wa Ulaya mwenye intaneti ya nyumbani huo ulikuwa usumbufu. Kwa banda ni kuondolewa kwa sababu yenyewe ya kuiweka gemu hiyo.

Serikali, kwa upande wake, imekuwa ikiyatazama mabanda haya zaidi kwa jicho la utoro wa wanafunzi, na hofu ya wazazi ina msingi: gemu nyingi za risasi zimewekewa alama ya umri wa miaka 17 au 18, na mlangoni hakuna anayeuliza umri. Aidha, kuna mkanganyiko wa maneno. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003, inahusika na michezo ya kuweka dau. Banda la PlayStation lisilo na dau si kamari, hata kama kwa wapita njia kelele zake zinafanana na za mashine za sarafu za jirani.

Mahali ambapo Serikali ina nguvu na haijaitumia ni kwa wauzaji. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilianzisha kodi ya asilimia 2 kwa huduma za kidijitali zinazotolewa na kampuni zisizo na makazi nchini. Nchi iliyokwisha kuwatambua wauzaji hao kwa ajili ya kodi ina haki ya kuwauliza kwa nini wateja wake hawamo katika orodha zao. Swali hilo lingeweza kuulizwa kwa barua moja.

Oktoba 2025 Microsoft ilitangaza kuwa Halo ya mwaka 2001 imetengenezwa upya kwa jina la Halo: Campaign Evolved, itoke mwaka 2026, na kwa mara ya kwanza ifike pia katika PlayStation 5. Tangazo hilo lilisema skrini itaweza kugawanywa kwa watu wawili wanaosaidiana katika simulizi. Sehemu ya wachezaji kupigana wao kwa wao, ile ambayo aliyeshindwa angeachia pedi, haikuwamo.