Mzee Asiye na Mtu ni Mzee wa Nani?



Liko neno linalosemwa sana katika mabaraza yetu, tangu Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini: kwamba mzee wa Kiislamu kupokewa katika makazi ya wazee, akalishwa kwa fedha ya Serikali, ni aibu. Wasemao hivyo hudhani wanaitetea dini. Mimi nasema wanatetea majina yao tu.

Hebu tutazame hali yetu. Vijana wamekwenda Dar es Salaam kuchuuza, na wengine hawarudi wala hawaleti salamu. Bibi amebaki peke yake katika kibanda cha makuti kinachovuja, macho hayaoni, na kisima kiko mbali. Ijumaa huketi mlangoni mwa msikiti akinyoosha mkono. Tunamtupia shilingi mia mbili, kisha tunarudi barazani na kujisifu: "Sisi wazee wetu hatuwapeleki makazini." Ikiwa hiyo si aibu, aibu ni ipi?

Mwenyezi Mungu, katika Suratul Israa, aya ya 23, amemkataza mtoto hata kuguna mbele ya wazazi wake waliozeeka. Amri hiyo ni ya mwenye wazazi. Lakini mzee asiye na mtoto aende wapi? Jawabu aliitoa Sayyidna Omar bin Khattab (r.a.). Imepokewa kuwa alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni kwa watu, wala hakuwa Muislamu. Alimchukua kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwamuru mtunza Beitulmali amwangalie yeye na walio mfano wake. Hakumwambia angoje huruma ya majirani.

Wala jambo hili si geni Kilwa. Ibn Battuta alipofika kwetu mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake, akitenga khumsi ya ngawira na kuitoa katika njia zilizotajwa na Qur'ani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mahali pa mzee ni kwa jamaa zake, na makazi yawe ndiyo kimbilio la mwisho. Hilo linaafikiana na dini. Unguja kuna nyumba za wazee za Serikali, Sebleni na Welezo. Na tangu 2016 mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni ya Serikali, awe tajiri au maskini. Je, imani ya ndugu zetu imepungua kwa hilo? Hasha!

Nina neno pia kwa mtoto mwenye uwezo, anayetafuta barua ya kumpeleka mama yake makazini kwa kudai hana mtu. Huyo ni mdhalimu mara mbili: amemnyima mama haki yake, na amekitwaa kitanda cha fukara asiye na wa kumshika mkono.

Basi kila msikiti na uwaandike wazee wake wasio na mtu, na majina yapelekwe kwa afisa wa ustawi wa jamii. Anayeridhia kwenda asindikizwe kwa heshima. Atembelewe, apelekewe futari Ramadhani, na siku yake ikifika tumwoshe, tumsalie na tumzike sisi wenyewe. Kinachomtisha mzee si chakula cha Serikali. Kinachomtisha ni kufa asijulikane.

Mwenyezi Mungu atuzindue kabla zamu yetu haijafika. Amin.