Utando wa Manjano Uani



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tunaomba mturuhusu tuyaweke kando mapishi na malezi, tuwapeleke uani, kwenye gogo la mnazi lililooza. Huko tumepata somo ambalo hatukulitarajia, na tumelipata kwa aibu kidogo.

Masika yalipokuwa yamekolea, tuliamka siku moja baada ya sala ya Alfajiri tukakuta ubavuni mwa gogo hilo kitu cha rangi ya manjano iliyoiva, kinyevunyevu, mfano wa yai lililovurugwa kisha likamwagwa. Ukubwa wake haukuzidi kisahani cha kikombe. Jana yake hakikuwapo. Ilipofika Alasiri tulitazama tena, tukaona kimeuacha ubavu na kupanda juu ya gogo. Kitu kisicho miguu wala kichwa kilikuwa kimetembea.

Bibi mmoja wa mtaa wetu, mtu tunayemheshimu sote, alisimama kizingitini akakitazama kwa muda mrefu. "Wanangu," akasema, "kitu hiki hakikuja bure. Kina mwenyewe." Hakutaja jina, wala hakuhitaji kulitaja. Wiki moja nyuma palikuwa na maneno baina yetu na nyumba ya pili kwa sababu ya maji ya mfereji, na macho ya wote yalielekea huko. Kwa siku nne salaam baina ya nyumba hizo mbili zikawa za midomo tu. Sahani ya mahamri iliyozoea kuvuka ua kila Ijumaa haikuvuka. Nasi tunaoandika safu hii, tunaowausia wenzetu kila juma, tulinyamaza.

Aliyetutoa katika dhana hiyo ni kijana wetu wa kidato cha pili. "Shikamoo bibi. Naomba ruhusa nikipige picha." Bibi akamjibu, "Marahaba mwanangu. Piga, lakini usikiguse." Picha ile akampelekea mwalimu wake wa bayolojia, na jibu likarudi kabla ya Magharibi: huo ni ukungu wa ute, wa aina iitwayo Fuligo septica, ambao hupatikana katika nchi nyingi za dunia penye miti iliyooza na unyevu. Hapana mtu aliyeuleta. Ulikuwa ndani ya gogo letu siku zote, na mvua ndiyo iliyoutoa nje.

Tulipozidi kuuliza, tulijua kwamba hatukuwa wa kwanza kudhani vibaya. Katika Uswidi na Ufini, watu wa zamani waliunasibisha utando huu na viumbe waliotumwa na wachawi kuiba maziwa ya jirani. Wakasema ni siagi yao au matapishi yao. Huko Marekani, mwaka 1973, utando kama huu ulizuka katika ua wa nyumba moja mjini Garland, jimbo la Texas. Watu walitiwa hofu, na habari ikaenea magazetini, mpaka wataalamu wakaeleza kuwa ni Fuligo septica hiyohiyo.

Je, ni kiumbe gani huyu? Jina la ukungu limemshika kwa mazoea tu. Zamani wataalamu walimweka pamoja na uyoga na kuvu, kwa kuwa naye hutoa vumbi la uzazi liitwalo spora. Leo wanamweka katika jamaa za amiba. Si mmea, si mnyama, wala si kuvu. Aina zinazojulikana ni takriban 1,000.

Spora ikiangukia penye maji hupasuka, na ndani yake hutoka chembe hai isiyoonekana kwa macho. Chembe mbili zinazofaana zikikutana huungana zikawa moja. Hiyo moja hula bakteria na kuvu, ikakua na kukua hata ikawa utando unaoonekana. Ajabu yake ni kwamba utando wote huo, ujapokuwa mpana kama kiganja, ni seli moja tu yenye viini vingi visivyohesabika. Ndani ya mishipa yake ute hutiririka mbele kwa muda mfupi, kisha hurudi nyuma, mfano wa maji kupwa na kujaa. Chakula kikiisha na mwanga ukiupata, utando hujigeuza ukawa vifuko vya spora. Ukikauka polepole, hujikusanya ukawa gamba gumu, ukalala kwa miezi mingi ukingojea maji.

Anayetaka kuutafuta hahitaji safari. Msimu wake ni masika na vuli, siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Tazameni magogo yaliyooza hata yakabonyea kwa kidole, marundo ya makumbi ya nazi, majani makavu chini ya mwembe, na maranda yaliyolowa karibu na karakana ya seremala. Gogo ligeuzeni kwa fimbo, si kwa mkono, kwani nge na tandu nao hupenda unyevu. Kisha lirudisheni lilivyokuwa. Watoto wafuatane na mtu mzima. Misitu iliyohifadhiwa, kama vile Arabuko-Sokoke, tuizuru kwa kutazama na kupiga picha tu; haifai kuchukua kitu huko bila idhini.

Mkiona utando mkawa na shaka, chomekeni njiti ya kiberiti ukingoni mwake, mrudi baada ya saa mbili tatu. Kuvu la kawaida halihami. Utando wa ute ulio hai utakuwa umeipita njiti au umejivuta nyuma. Kadhalika, kuvu huota nyuzi kavu kama sufi, ilhali utando huu hung'aa na kutandaa kama upepo wa mkono, ukiwa na mishipa inayogawanyika kama ya jani.

Utando mchanga ni vigumu kuutambua jina. Aghalabu aina hujulikana ukishageuka vifuko, na hapo lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 hutosha kuanzia. Fuligo huwa kama mkate mdogo wenye gamba jepesi, na ndani yake mna unga mweusi. Lycogala huwa vidonge vya rangi ya waridi, kadiri ya punje ya mbaazi. Vikibonyezwa vikiwa vichanga hutoa uji mzito wa waridi, na vikikomaa hugeuka kahawia na kutoa vumbi. Stemonitis husimama kama kishungi cha nywele za kahawia, kila unywele juu ya kikonyo chembamba cheusi. Hemitrichia serpula hutambaa juu ya gome kama wavu wa manjano. Akina mama wanaoshona kofia wataufananisha na uzi wa darizi. Rangi pekee isiwaongoze. Andikeni pia kama kuna kikonyo, vumbi ni la rangi gani, na kitu kiliota juu ya nini. Aina nyingi haziwezi kutajwa kwa yakini bila hadubini, na si aibu kuandika jina la jamii tu.

Sasa tuje kwenye kulea, ambako ndiko watoto wanakopenda zaidi. Njia ya kwanza haihitaji hata kuuona utando. Chukueni vipande vidogo vya gome la nje, lililokauka, kutoka mti ulio hai wenye gome la kukwaruza, kama mkwaju au mwembe. Tandikeni karatasi ya shashi katika mkebe wa plastiki wenye kifuniko, pangeni vipande bila kupandana, upande wa nje ukiwa juu, kisha mimineni maji safi mpaka vilowe. Kesho yake mwageni maji yaliyosalia, mfunike, na mkebe muuweke kivulini. Tazameni kwa lenzi kila baada ya siku mbili. Vifuko vingine hutokea katika wiki ya kwanza, na vingine baada ya mwezi au zaidi. Spora zilizokuwa zimelala ndani ya gome huamka zenyewe, na vifuko vyake huwa vidogo kuliko kichwa cha pini. Mwenye haraka ataitupa mikebe yake kabla ya wakati.

Njia ya pili ni ya utando ulioonekana. Ukateni pamoja na kipande cha ubao uliokaa, muweke juu ya shashi yenye unyevu katika mkebe wenye giza, na kando yake muweke punje mbili tatu za oti, nafaka ile bapa ipikwayo uji, zikiwa mbichi. Ukizipenda, kufikia asubuhi utakuwa umezifunika. Punje ikiota kuvu iondoeni mara moja, na shashi ikichafuka uhamisheni utando kwenye mkebe mpya. Si kila aina itakubali. Fuligo yetu ilikataa. Iliyozoeleka zaidi maabarani kwa kulelewa na oti ni Physarum polycephalum, ya manjano pia. Mkitaka kupumzika, acheni shashi ikauke polepole kwa siku kadhaa, mkaihifadhi katika bahasha. Matone ya maji yatauamsha utando baadaye.

Ni kwa aina hiyo ya Physarum ambapo Toshiyuki Nakagaki na wenzake wa Japani walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 2000. Waliweka utando katika njia za kizunguzungu, na chakula kwenye milango miwili. Utando ulijitoa katika njia zilizoziba, ukabakisha mshipa mmoja uliofuata njia fupi kuliko zote. Mwaka 2010 walipanga punje za oti mithili ya miji inayoizunguka Tokyo, na mishipa iliyounganisha punje hizo ikakaribia kufanana na reli za huko. Kiumbe hicho hakina ubongo. Watoto wanaweza kujaribu kadiri ya hayo mezani, kwa vipande vya plastiki na punje mbili.

Tahadhari ni chache, lakini zishikwe. Vumbi la spora laweza kumwamshia mtu pumu au mafua ya mzio, kwa hivyo mwenye maradhi hayo asivishike vifuko vikavu, wala mtu yeyote asivipulize. Mikebe iliyotumika isirudi jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni, na kitu kisionjwe. Mimea ya bustani haina la kuogopa. Utando ukifunika miche, uondoeni kwa kijiti.

Vifuko vilivyokauka huwekwa ndani ya kasha la kiberiti, vimegundishwa kwa gundi chini yake, na juu pakaandikwa tarehe, mahali na mti. Njia hii isidharauliwe. Mwaka 1929 Minakata Kumagusu, mwanachuoni wa Japani, alimtunukia Mfalme Hirohito sampuli 110 za ukungu wa ute ndani ya makasha matupu ya peremende. Minakata huyo, mwaka 1917, alikuwa ameona juu ya mti wa uani kwake mjini Tanabe aina ambayo haikuwa imejulikana. Aliyeipa jina mwaka 1921, kwa heshima yake, alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Gulielma Lister.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1860, na masomo yake mengi aliyapata nyumbani. Alimsaidia baba yake, Arthur Lister, katika kitabu kikubwa cha ukungu wa ute kilichotoka mwaka 1894. Na baba alipofariki mwaka 1908, binti akakisahihisha na kukipanua, kikatoka tena mwaka 1911 na mwaka 1925. Watafiti wa mbali walimpelekea sampuli apate kuzitambua. Tunalitaja hili kwa ajili ya mabinti zetu wanaodhani kwamba elimu ya viumbe ina mlango mmoja tu, nao ni ule wa maabara za chuo.

Tumalizie pale tulipoanzia. Ijumaa ya pili tulivuka ua na sahani ya mahamri, na kijana wetu nyuma yetu na kiberiti chake. Tulimwambia mama wa nyumba ile yaliyokuwa mioyoni mwetu, tukamwomba radhi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Dada zangu, nasi tuliuona kwetu, nyuma ya pipa la maji. Tulidhani ni nyinyi."

Tulitazamana, tukashindwa kujua tucheke au tulie. Wao nao walikuwa wamelala siku kadhaa na dhana ileile, mlango kwa mlango nasi. Watoto hawakungoja mazungumzo yaishe. Walikwisha kuinama nyuma ya pipa na lenzi yao, wakitafuta mabaki. Mfereji tumeutengeneza kwa pamoja wiki iliyofuata.

Bibi wa mtaa naye ameletewa kiberiti chake. Alikifungua, akakisogeza karibu na macho, akasema, "Kumbe kina umbo zuri." Amekiweka kabatini, karibu na vikombe vyake vya kahawa.

Basi mvua zijapo, tokeni na watoto wenu uani, mwangalie. Mwenye macho haambiwi tazama, ila nasi tumeona kwamba macho peke yake yaweza kumdanganya mtu asipouliza. Mkipata vifuko msivyovijua, viwekeni katika kiberiti, mviandikie tarehe na mti. Tukijaaliwa, vuli ikija tutapanga siku ya kuvitazama pamoja.