Kilemba cha Ukoka

Tangu siku ile ya Septemba 2021, pale Kisesa wilayani Magu, Rais alipopewa jina la Chifu Hangaya na kutangazwa mkuu wa machifu wote wa Tanzania, nimengoja kwa saburi mtu wa kunifahamisha ni hikima gani iliyomo katika kumfanya mkuu wa dola awe pia mkubwa wa watu ambao, ikiwa wamesaliwa na kazi yoyote, basi ni kumnong'oneza ukweli ambao wakuu wa wilaya huogopa kuutamka. Sijafahamishwa; na rai yangu ni kuwa jambo hili liachwe.

Watetezi husema wazee hawa ni hazina ya mila, husuluhisha wagombanao, na watalii huvutiwa nao. Naam, na iwe hivyo.

Lakini aulizwe Msukuma wa zamani ni nani waliomtawaza mtemi wake. Atajibu: banang'oma, na hao hao waliomweka waliweza kumwuzulu, dhuluma zikizidi. Katika uwezo huo wa kumwuzulu ndimo ilimokaa heshima yake yote. Mwingereza, alipotunga sheria yake ya utawala wa wenyeji mwaka 1926, hakumwondolea mtemi kiti. Alikihamisha shina tu, akampa mshahara, daftari la kodi na hofu ya Bwana DC. Matokeo yalionekana Uluguru mwaka 1955: watu waliamrishwa kuchonga matuta ya ngazi milimani, na udongo wa juu wenye rutuba, mwembamba kama ganda la kitunguu, ukafukiwa chini, mahindi yakadumaa, na kwa kuwa amri ya Serikali ilipita vinywani mwa watawala wao wa jadi, ghadhabu ya wakulima iliwashukia na hao pia. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, machozi hayakuwa mengi.

Kosa lile lile leo twalirudia kwa ngoma na vigelegele! Chifu ambaye cheo chake na kiti chake jukwaani vyatoka mkononi mwa Serikali ni karani; tena afadhali karani, ambaye walau ana kanuni za kazi na pensheni.

Ghana walilifahamu hili. Ibara ya 270 ya katiba yao ya mwaka 1992 inalizuia Bunge lisitunge sheria ya kumpa yeyote haki ya kumtambua chifu, wala ya kumvua utambuzi huo. Katika Katiba yetu ya 1977 ibara ya namna hiyo haimo, na sijapata kumsikia chifu hata mmoja akiidai.