Stara isikufanye umfiche tabibu dawa unayomeza

Hapa Kibondo na Kasulu wapo ndugu zetu wanaomeza dawa za sonona kwa siri, hata jamaa wa nyumba moja hawajui. Kusitiri maradhi ni jambo jema. Lakini kwa maoni yangu, stara hiyo haimhusu anayekutibu. Ukimficha yeye, unajihatarisha mwenyewe.

Chukua mfano wa amitriptilini. Wengine hupewa kwa sonona, wengine kwa kipandauso au maumivu ya mishipa ya fahamu. Mwilini mna kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo neva huitoa ili kukaza mishipa ya damu, kisha huirudisha ndani. Amitriptilini huzuia isirudishwe. Hivyo basi, ikiingia dawa nyingine ya kukaza mishipa, presha inaweza kupanda kupita kiasi.

Mwaka 1973 watafiti wa Uingereza waliripoti kuwa kwa watu waliokuwa wakimeza imipramini, ya kundi hilohilo, nguvu ya kupandisha presha ya noradrenalini iliyotiwa mshipani iliongezeka mara 4 hadi 8, adrenalini mara 2 hadi 4, na fenilefrini mara 2 hadi 3.

Utakutana nazo wapi? Fenilefrini imo katika baadhi ya vidonge vya mafua, ambavyo msimu wa baridi huku kwetu milimani tunavikimbilia dukani. Adrenalini huchanganywa na baadhi ya dawa za ganzi za kung'olea jino. Kiasi chake ni kidogo, lakini mwenye presha au ugonjwa wa moyo azidishe tahadhari. Ukiumwa kichwa ghafla, moyo ukaenda mbio au kifua kikabana, wahi kituo cha afya.

Usije ukaacha dawa yako ghafla kwa hofu. Wala usikatae adrenalini ukipatwa na mzio mkali, kwani huokoa maisha. Tabibu akijua unachomeza, atapunguza dozi, atapima presha au atachagua dawa nyingine.

Nanyi wauzaji wa dawa, kabla ya kupokea pesa muulizeni mteja, tena kwa sauti ya chini: "Kuna dawa nyingine unayotumia?" Nawe msomaji, kama ulimi ni mzito, mwoneshe tu pakiti. Siri ya mgonjwa ni amana, na atakayeitangaza amekosea yeye, si wewe.