Kitambi si ishara ya pesa, nenda ukapimwe damu

Mtaani kitambi kina heshima yake. Msee akipata kazi na mshipi uanze kumbana, marafiki wanamwita mdosi. "Naona maisha yamekukubali," wanamwambia. Hakuna anayemuuliza sukari yake ni ngapi.

Basi nakuuliza mimi: yako ni ngapi? Kama hujui, hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu watu 9 kati ya 10 wenye umri wa miaka 18 hadi 69 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari kwenye damu. Zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Salio la M-Pesa tunalijua, bando iliyobaki tunaijua, lakini ya mwilini tunangoja yatuangushe.

Kuna hali ambayo madaktari huiita sindromu ya metaboliki. Jina ni refu ila maana yake si ngumu. Ni hitilafu kadhaa ndogondogo zinazoingia mwilini pamoja. Kila moja ikiwa peke yake unaweza kuipuuza, lakini zikiungana zinakufungulia njia ya kisukari na ugonjwa wa moyo. Mwaka wa 1988, daktari Gerald Reaven wa Marekani alieleza kwamba nyuma ya mambo haya kuna mwili ulioacha kuitikia insulini ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi ili sukari isipande, na kwa miaka kadhaa hufaulu. Kwa hivyo unaendelea na kazi, mechi na sherehe kama kawaida. Kufikia wakati unaona kiu isiyoisha na safari za choo usiku, mambo yashaharibika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shida ya maradhi haya ni kwamba si wewe unayeyaficha. Yanajificha yenyewe, na damu ndiyo huyafichua mapema.

Vipimo ni vitano. Kiuno kisifike sentimita 94 kwa mwanamume ama 80 kwa mwanamke. Presha isifike 130 juu ama 85 chini. Sukari kabla hujala asubuhi isifike 5.6. Trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, yasifike 1.7. Kolestero nzuri, ile ya HDL, isiwe chini ya 1.0 kwa mwanamume ama 1.3 kwa mwanamke. Ukikosea vitatu kati ya hivyo, uko ndani ya sindromu hiyo hata kama unajisikia mzima kabisa.

Na usikubali mtu akusomee namba moja tu kisha akwambie uende nyumbani. Tafiti zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika wanaweza kuwa na tatizo la insulini huku trigliseridi zao zikiwa sawa. Kwetu sisi, karatasi ya maabara yenye mafuta mazuri haitoshi kukutuliza. Isomwe pamoja na kiuno, presha, sukari na HDL.

Najua utasema umesota. Sawa, anza na visivyo na gharama kubwa. Futi ya fundi wa nguo inatosha kupima kiuno. Presha na sukari hupimwa hata kwenye maduka mengi ya dawa mtaani. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na mikoba waliyopewa ina mashine ya presha na ya sukari. Muulize wa mtaa wenu, hakuja kwa sababu ya wazee pekee. Kipimo cha mafuta ndicho hugharimu zaidi, na hicho unaweza kukiwekea akiba. Mashine ya kidole ikionyesha sukari iko juu, usijitibu. Nenda hospitalini ikathibitishwe.

Hapa ndipo nina neno na vyama vyetu. Kila mara tunaongezwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia bili ya mtu aliyelazwa, mara nyingi figo zimeshindwa kazi. Kisukari na presha ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kufeli. Tunachanga kwa moyo, na ni vizuri. Lakini chama kinachoweza kuchangia matibabu kinaweza pia kutenga pesa kidogo kila mwaka, wanachama wote wapimwe damu asubuhi moja. Waajiri nao wafanye vivyo hivyo, badala ya kungoja mfanyakazi agonge miaka 40.

Wengine husema ukitafuta ugonjwa utaupata. Kweli utaupata, ila utaupata ungali mdogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002 ulifuatilia watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza tembe za metformin walipunguza kwa asilimia 31. Dakika 150 ni kutembea robo saa kwenda kazini na robo saa kurudi, siku 5. Shuka matatu stejini kabla ya yako. Soda ya kila mchana iwe maji, chipsi za kila jioni ziwe githeri ama ndengu. Hayo majani ya kusafisha mwili yanayouzwa TikTok achana nayo.

Hebu wiki hii lala bila kula kwa saa 8 hadi 12, kunywa maji tu, kisha uende upimwe. Andika namba zako tano kwenye simu, uweke na tarehe. Mwakani uzilinganishe. Na ukimwona rafiki ameanza kunenepa tumboni, usimwite mdosi. Mwambie mwende pamoja.