Mambo ya Nyumbani: Darasa la Mapishi la Kila Mwezi, na Bei Yake

Leo nataka kuzungumza nanyi, wasomaji wangu, juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni darasa la mapishi lifanywalo mara moja kwa mwezi katika nyumba ya jirani. Nimeona madarasa ya namna hii yakianza kwa furaha nyingi na kufa kabla ya mwezi wa sita. Hayafi kwa sababu chakula kilikuwa kibaya. Yanakufa kwa sababu ya fedha, na hasa kwa sababu bei ilikuwa ndogo mno.

Mke wangu ni fundi wa kushona sare za shule, tena ni mpishi hodari. Majirani kumi na wawili walimwomba awafundishe, naye akakubali. Shauri la fedha likakatwa kwa dakika mbili: vitu vitakavyonunuliwa sokoni vigawanywe kwa idadi ya watu, basi. Siku ya pilau vitu vilifika shilingi 3,000, yaani 250 kwa kila mmoja, zikalipwe mlangoni. Wakaja tisa. Zile shilingi 750 zilizopungua mke wangu alizitoa katika mkoba wake. Siku ya Jumatatu mtungi wetu wa gesi ukaisha, ambao kwa kawaida hutufikisha mwisho wa mwezi. Na juu ya hayo yote, mama mmoja alikuwa amesema, tena kwa sauti ya kusikiwa, kwamba 250 ni nyingi kwa pilau ambayo mtu aweza kujipikia nyumbani kwake.

Jioni ile mke wangu aliniambia, "Baba watoto, mimi sitafundisha tena." Nami, kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, nikachukua daftari.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba watu wale hawakuwa wameamua kama walichokianzisha ni chama au ni darasa. Haya ni mambo mawili mbalimbali. Katika chama cha mapishi kila mwanachama hufundisha kwa zamu, na hukaribisha wenzake nyumbani kwake kwa zamu. Leo unatumia makaa yako, mwezi ujao mwenzako atatumia yake. Hakuna anayedai ujira, na kugawanya bei ya soko kwa idadi ya watu ni haki kabisa. Lakini katika darasa mmoja ndiye afundishaye kila mwezi, na wengine ndio wajifunzao. Huyo mmoja ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa. Taabu yetu ilikuwa kwamba kwa maneno tulikuwa chama, na kwa kazi tulikuwa darasa.

Nadhani kosa hili lina mizizi ya zamani. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, mlezi wake alikuwa serikali ya kikoloni, chini ya idara yake ya maendeleo ya jamii. Wakati ulikuwa wa Hali ya Hatari, na serikali ile ilikuwa na sababu zake za kukilea. Wanawake wengi walijifunza humo mapishi, ushonaji na ulezi wa watoto. Nadhani ndiko tulikoizoea fikara kwamba mafunzo ya jikoni ni kitu cha kupewa. Fundi wa magari akimfundisha kijana kazi, hakuna ashangaaye fundi akidai ada. Mama akifundisha kupika biriani, watu huona kwamba anapitisha wakati tu.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Bei nitakazozitaja ni za soko letu na za siku zile. Ninyi tieni za soko lenu. Watu kumi na wawili tuliwagawa makundi matatu ya watu wanne, na kila kundi likapika sufuria yake ya kilo moja ya mchele. Mwalimu naye alikuwa na sufuria yake ya kuonyeshea. Basi sufuria nne zilitaka mchele kilo 4 kwa shilingi 800, nyama kilo 2 kwa 1,300, vitunguu 240, mafuta 300, nyanya na tangawizi na vitunguu saumu 200, na bizari 160. Jumla ni zile shilingi 3,000 ambazo kila mtu alizijua.

Ambazo hakuna aliyezijua ni hizi. Makaa na gesi, 400. Sabuni, maji, kiberiti na vitambaa, 150. Nauli ya kwenda sokoni na kurudi na mizigo, 200. Akiba ya vyombo, 300, maana sufuria hutoboka, mwiko huvunjika, na visu hupotea kwa namna ambayo sijaielewa mpaka leo. Tena kabla ya darasa mwalimu hupika sufuria moja ya kujaribia, ili apate vipimo vya hakika na kuviandika. Nayo ni robo ya bei ya soko, yaani 750. Mwisho ni ujira. Mke wangu hutumia saa mbili sokoni, saa tatu za kufundisha, na saa moja ya kuosha na kupanga. Siku hiyo cherehani hulala. Kwa saa sita hizo tuliweka shilingi 250 kwa saa, ambazo ni kama azipatazo kwa kushona, nazo ni 1,500.

Ukijumlisha yote utapata shilingi 6,300. Kwa hiyo bei ya haki ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyolalamikiwa.

Watu wengi wangegawanya 6,300 kwa kumi na wawili na kupata 525. Msifanye hivyo. Hakuna mwezi ambao watu wote huja: mmoja ana mgonjwa, mwingine ana mazishi, mwingine amekwenda kumpeleka mtoto shuleni. Gawanyeni kwa idadi ambayo mna hakika nayo. Sisi tuligawanya kwa kumi tukapata 630, nao wawili wa ziada wakija, fedha yao ni ya sanduku.

Lakini 630 ni bei ya siku ya pilau. Siku ya chapati na ndengu vitu vya soko vilikuwa 1,400, sufuria ya kujaribia 350, na gharama nyingine ni zile zile 2,550. Jumla 4,300, yaani 430 kwa kila mmoja wa watu kumi. Je, bei ibadilike kila mwezi? Wako wapendao hivyo. Mimi sipendi, maana kila mwezi ni mashindano mapya, na siku ya chapati watu hujaa lakini siku ya nyama hubaki watano. Tulichukua bei mbili zile, tukatafuta kati yake, tukakata shilingi 550 kwa mwezi wowote. Masharti yake ni mawili. Chakula cha bei na chakula rahisi vifuatane kwa zamu. Tena mwanzo uwe kwa chakula rahisi, ili sanduku lipate kitu kabla ya mwezi wa nyama kufika. Mkianza na pilau mtaanza na deni.

Kulipa mlangoni tukakukataza. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hakuna udhuru wa kusema mtu yuko mbali. Fedha ziwe zimefika siku ya Jumatano kwa darasa la mwisho wa juma, na mwalimu anunue kwa kadiri ya waliolipa. Atakayejiondoa kabla ya Jumatano arudishiwe zote. Atakayeshindwa kuja baada ya hapo hapati fedha, bali sehemu yake ya chakula hupelekwa nyumbani kwake ikiwa moto. Kanuni hii imeondoa manung'uniko mengi kuliko maneno yote niliyowahi kuyasema.

Juu ya siku, waulizeni wenzenu kabla ya kuamua. Sisi tulisema Jumamosi bila kufikiri, tukawafungia mlango majirani wawili walio Wasabato. Sasa tunakutana Jumapili alasiri. Wenye kufunga wasisahauliwe katika mwezi wa Ramadhani, na nyama iwe halali wakati wote, ili kila mtu ale. Karani hupata mshahara mwisho wa mwezi, walakini mkulima hungoja malipo ya chai au ya maziwa, na siku zake si zile zile. Mwezi wa kufungua shule ni mwezi wa karo. Mwezi huo pikeni sukuma wiki na maharagwe, au pumzikeni.

Nanyi wanaume mnaocheka, tazameni jikoni mwa hoteli kubwa mhesabu ni wangapi walioshika miko. Katika darasa letu wako vijana wawili, na mmoja wao sasa huuza chapati kila asubuhi penye kituo cha basi.

Kikundi chenye watu kumi au zaidi chaweza kuandikishwa kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Yafaa kufanya hivyo ikiwa mnataka kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Kwa darasa la jirani, daftari moja lisomwalo mbele ya wote kila mwezi latosha kwa kuanzia.

Nilisoma hesabu hii mbele ya kikundi chote, mstari kwa mstari. Kukawa kimya. Watu watatu wakajitoa, nasi hatukuwabembeleza. Wengine wakaleta ndugu zao. Yule mama aliyesema 250 ni nyingi ndiye aliyeuliza, "Mbona hukutuambia habari ya gesi?" Akalipa wa kwanza. Mwezi wa chapati walilipa kumi na mmoja, yaani shilingi 6,050, zikabaki 1,750. Mwezi wa pilau walilipa kumi, zikapungua 800, nazo zikatoka sandukuni; wala mkoba wa mke wangu haukuguswa. Kwa akiba ya vyombo wakanunua mizani ndogo ya jikoni, na sasa hakuna ruhusa ya kutia chumvi kwa kadiri ya jicho. Mtungi wetu ulifika mwisho wa mwezi.