Nani Atamtahini Mfumi?

Wapo wasomi ambao wakisikia habari ya shahada ya juu iliyochanganya sanaa na ubunifu na fani nyingine pamoja, hutabasamu kwa dharau na kusema kuwa mshika mawili moja humponyoka. Wapo na wengine wa upande wa pili, ambao wakisikia habari iyo hiyo hupiga makofi, wakidhani kuwa kuta zote za elimu zimekwisha kuanguka, na kila mtu sasa aweza kuingia chumba chochote bila ya kubisha hodi. Makundi haya mawili yameshindana kwa muda mrefu katika vyuo vya Ulaya na Marekani, na ubishi wao umefika katika vyuo vya Afrika ya Mashariki pia. Yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hapana hata moja liulizalo ni nani akaaye katika kiti cha mtahini.

Methali ya kundi la kwanza haina ugumu wa kujibiwa. Mshika mawili huponyokwa ikiwa mawili hayo hukimbilia njia mbalimbali. Ashikaye uzi na sindano hakushika mawili; ameshika kazi moja yenye vyombo viwili. Sanaa na ubunifu havikuzaliwa mbalimbali, bali vilitenganishwa na ratiba za madarasa. Neno sanaa lenyewe lilikuja pwani kutoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kazi ya kutengeneza kitu kwa ustadi, na wazee wa Lamu na Unguja hawakuona haja ya kumtenga mchora nakshi na mchonga mlango. Aliyechonga mlango alijua ni mti gani ustahimilio jua na mvua. Alijua kugawanya nafasi kwa bikari. Alijua pia ni maneno gani yafaayo kukaa juu ya kizingiti cha mwenye nyumba. Fani tatu zilikaa katika mkono mmoja, wala hapana aliyeponyokwa na kitu.

Kundi la pili ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu lina maneno mazuri. Husema kuwa mwanafunzi wa shahada ya juu asifungwe na chombo kimoja. Leo achore, kesho apige picha, keshokutwa aandike habari za wafumi bila ya kugusa uzi. Uhuru huo hupendeza machoni. Lakini mtu asiyekuwa na nyumba hawezi kualika wageni, na mwanafunzi asiyekuwa na kazi yake mwenyewe hana mahali pa kuzikaribisha fani za wengine. Huzunguka barazani kwa watu, akapewa kahawa kila mahali, kisha akaandika kitabu juu ya kahawa.

Mfano ulio bora wa masomo haya ulitokea Ujerumani. Mwaka 1919, katika mji wa Weimar, Walter Gropius alianzisha chuo kilichoitwa Bauhaus. Katika tangazo lake la kwanza alitaka wachoraji, wachongaji na wasanifu wa majengo warudi katika kazi za mikono, kwani kwake msanii hakuwa mtu wa namna nyingine mbali na fundi. Maneno ya namna hiyo yalikwisha kusemwa na watu kabla yake. Jambo alilolifanya yeye ni kuyaweka katika utaratibu. Kila karakana ilipewa walimu wawili: mmoja msanii, ambaye alifundisha umbo, na mmoja fundi, ambaye alifundisha kazi. Mwanafunzi aliandikwa kuwa mwanagenzi, na siku ya kupimwa hakupimwa na wasanii wa chuo peke yao. Alikwenda mbele ya baraza la mafundi, lililokuwa nje ya chuo, likamkubali au likamkataa. Karakana ya ufinyanzi ilikuwa mbali na mji, katika kijiji cha Dornburg, kwa sababu tanuri lilikuwa huko. Msanii wake alikuwa Gerhard Marcks na fundi wake Max Krehan, mfinyanzi na mtoto wa wafinyanzi. Wanafunzi waliotaka udongo waliufuata ulipo.

Walakini chuo hicho kilikuwa na doa, na doa lenyewe ndilo shina la hoja hii. Katika baraza la walimu wasanii walikuwa na kura. Mafundi hawakuwa nayo. Krehan aliweza kumwambia mwanafunzi kuwa chungu chake kitapasuka motoni, lakini hakuweza kupiga kura juu ya mambo ya chuo ambacho chungu hicho kilifinyangwa kwa jina lake. Chuo kilipohamia Dessau mwaka 1925 ufinyanzi uliachwa nyuma. Utaratibu wa walimu wawili ulikoma vile vile, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wa zamani walikuwa sasa wasanii na mafundi kwa pamoja. Wanawake nao walikuwa na doa lao la kulalamikia, maana wengi wao walisukumwa katika karakana ya ufumaji hata kama nyoyo zao zilitaka mahali pengine.

Mmoja wao alikuwa Annelise Fleischmann, aliyejulikana baadaye kwa jina la Anni Albers. Aliingia chuoni mwaka 1922, akataka karakana ya vioo, akaishia katika ufumaji bila ya kupenda. Kabla yake Gunta Stölzl na Benita Otte walikwisha kwenda Krefeld kujifunza kutia rangi, kwa kuwa chuoni hapakuwa na mtu wa kuwafundisha. Hivi ndivyo fani moja inavyoitafuta nyingine katika njia iliyo ya kweli: uzi ulidai rangi, rangi ikadai kemia, na wasichana wawili wakapanda gari la moshi. Hapana kamati iliyoketi kubuni jina la somo jipya.

Anni Albers alipata cheti chake mwaka 1930 kwa kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha kutandika ukutani, katika ukumbi wa skuli ya chama cha wafanya kazi huko Bernau, jengo lililosanifiwa na Hannes Meyer. Ukumbi ule ulikuwa na mwangwi, na maneno ya msemaji yaliumizana kabla ya kuyafikia masikio. Mfumi akafuma kitu chenye nyuso mbili. Uso wa nyuma ulikuwa wa nyuzi zenye manyoya, uliomeza sauti. Uso wa mbele ulikuwa na selofeni, uliorudisha mwanga. Kampuni ya Zeiss Ikon ilikipima na kutoa taarifa ya namna kilivyofanya kazi. Katika kitambaa kimoja mlikuwa na elimu ya sauti, elimu ya mwanga, usanifu wa majengo na ufumaji, wala hapana hata moja iliyoitwa humo kwa ajili ya kurefusha jina la shahada. Tena waliokipima walikuwa watu wa aina mbalimbali: waliojua uzi walipima uzi, na waliojua mwanga walipima mwanga.

Hebu mtu akitazame kitambaa hicho, kisha azitazame shahada za siku hizi. Uingereza inafaa kuchukuliwa kwa mfano, kwa sababu kanuni zake zimeigwa mahali pengi. Mwaka 1960 kamati ya Coldstream ilipendekeza kuwa mwanafunzi wa sanaa asome historia na masomo ya nyongeza, na aingie chuoni na vyeti vya skuli. Nia ilikuwa njema, sanaa ipate staha mbele ya elimu nyingine. Lakini mwaka 1968 wanafunzi wa Hornsey walipokikalia chuo chao, moja katika malalamiko yao lilikuwa juu ya vyeti hivyo, ambavyo viliwafungia mlango watu wenye mikono mizuri. Chuo cha sanaa cha kifalme cha London kilikuwa kimepata mwaka mmoja kabla, 1967, hati ya kutoa shahada zake chenyewe. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa chuo hicho aliandika makala mafupi akigawanya utafiti katika mafungu matatu: ule ufanywao juu ya sanaa na ubunifu, ule ufanywao kwa njia ya kazi yenyewe, na ule ufanywao kwa ajili ya kazi. Frayling mwenyewe alilionea shaka fungu la tatu, ambalo fikra yake hukaa ndani ya kitu kilichotengenezwa. Vyuo vingi viliyachukua mafungu yake na kuisahau shaka yake.

Tangu hapo mwanafunzi wa uzamivu katika fani hizi aghalabu huleta vitu viwili, kazi na maandishi. Hili si baya. Kazi haiwezi kueleza makosa yaliyotangulia kufaulu kwake, na Anni Albers naye aliandika kitabu kikubwa juu ya ufumaji, kilichochapishwa mwaka 1965. Lakini alikiandika baada ya zaidi ya miaka 40 ya kukaa mbele ya kitanda cha mfumi. Maandishi ya siku hizi hunenepa na kazi hukonda, na sababu yake si uvivu wa wanafunzi. Mwanafunzi humtazama mtahini wake. Akiona kuwa wanaomtahini ni watu wa kusoma, atawapa cha kusoma.

Afrika ya Mashariki haina udhuru wa kulirudia kosa hili, maana imelishuhudia kwa karibu. Katika miaka ya 1930 Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda. Ni kitabu cha bidii na cha heshima, na vizazi vya wanafunzi vimekitumia. Walakini wasuka mikeka na wafua vyuma walioielekeza elimu ile waliingia kitabuni; katika baraza la watahini hawakuingia. Nairobi nayo ilimpata Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika ya Kusini, aliyefundisha ubunifu huko mpaka alipokufa mwaka 1967. Yeye hakutaka ubunifu wa Afrika uwe mapambo juu ya vitu vya wageni. Alikufa mapema mno.

Mwaka 2018 huko Lamu liliteremshwa baharini jahazi dogo la urefu wa meta 9, lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa ufukweni na mijini, takriban tani 10, na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000. Jina lake ni Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Aliyeongoza uundaji wake ni Ali Skanda, fundi wa majahazi. Plastiki haina nyuzi kama mti, haipindi kama mti, wala haishiki msumari kama mti. Kwa hiyo mtu aliyejua mti kwa undani ndiye aliyefaa kutambua kila mahali palipokuwa na tofauti. Hapo mlikuwa na sanaa, ubunifu, elimu ya vitu na elimu ya mazingira katika chombo kimoja kielekeacho upepo. Mwanafunzi akitaka kuandika tasnifu ya uzamili juu ya jahazi hilo, vyuo vingi vitamkaribisha. Lakini akiomba kuwa fundi aketi katika meza ya watahini, ataambiwa kuwa kanuni haziruhusu, kwa sababu mtahini wa shahada hana budi kuwa na shahada iliyo sawa na hiyo au iliyo juu yake.

Watetezi wa kanuni hiyo husema kuwa fundi hawezi kusoma tasnifu. Yamkini ni kweli kwa baadhi ya mafundi. Lakini mwanachuoni naye hawezi kusoma ubao, wala hapana aliyemtoa mezani kwa upungufu huo. Husema tena kuwa heshima ya chuo itashuka. Daktari mwanafunzi hupimwa mbele ya kitanda cha mgonjwa na madaktari ambao kazi yao ya kila siku ni wagonjwa, na hapana chuo cha udaktari kilichoaibika kwa hilo. Kiswahili nacho kina neno lake la kusema: humwita mtu huyu fundi, jina lenye mzizi mmoja na kufunda na kufundisha. Lugha ilimpa ualimu kabla vyuo havijamnyima.

Liko na jambo la lugha ya tasnifu yenyewe. Mtu aandikapo juu ya jahazi kwa Kiingereza, mkuku, taruma, foromali na kalafati hugeuka kuwa maneno ya mlazo, mithili ya shanga zilizoshonwa juu ya nguo ya mtu mwingine. Na fundi aliyeyatoa maneno hayo hawezi kuona wapi yametumiwa vibaya. Akiandika kwa Kiswahili, aweza kumsomea fundi sura nzima chini ya mwembe na kusahihishwa siku ile ile.

Litakiwalo si chuo kipya wala fedha nyingi. Mwombaji wa shahada hii aingie na kazi moja anayoijua kwa mikono yake, iwe uzi, mti, udongo, chuma au kalamu ya kuchorea, na fani nyingine aziite kazi hiyo ikizihitaji. Katika meza ya watahini kiwepo kiti cha fundi wa kazi hiyo, na kiti hicho kiwe na kura, kitu ambacho Weimar haikukitoa. Kanuni imzuiayo ni mstari mmoja katika kitabu cha taratibu za chuo, nao huandikwa na seneti na kufutwa na seneti, katika kikao cha asubuhi moja.